Uzi: Kuonja na kutoa alama eli za majira ya baridi. Usiandike alama glasi ikiwa bado na baridi

#1 KimeaCheusi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Msimu wa bia nzito umeingia. Watu sita, chupa nane, kila mmoja anagawa nyota, na mshindi anakuwa ile yenye lebo ya kuvutia au ile iliyofunguliwa ya pili, ndimi zikiwa bado nzima. Chupa ya saba haina bahati kabisa. Naomba tujadili namna ya kuonja eli za majira ya baridi na kuzipa alama ambazo hata ukirudia kesho hazitakuaibisha.

Tuelewane kwanza. Eli ni bia inayochachushwa na hamira inayopenda joto, kati ya nyuzi 15 na 24 hivi, ndiyo maana inabeba harufu za matunda ambazo laga, bia ya hamira inayopenda baridi, haina. Ya majira ya baridi ina sura tatu kubwa. Ya Uingereza huwa ya rangi ya shaba hadi kahawia iliyokolea, kilevi asilimia 5.5 hadi 8, tamu ya kimea, na mara nyingi haina kiungo chochote. Ya Marekani mara nyingi hutiwa mdalasini, kungumanga, tangawizi, ganda la chungwa. Ya Ubelgiji ni nzito zaidi, asilimia 9 hadi 12, ina harufu ya tende, zabibu kavu na sukari iliyoungua, na sehemu kubwa ya hiyo "viungo" unayoisikia imetoka kwenye hamira. Ukiziweka zote meza moja ukauliza "ipi bora?" umeuliza swali lisilo na jibu. Panga kwa kundi, kisha linganisha ndani ya kundi.

Wengine watataja Samichlaus ya Austria. Ni bia ya msimu kweli, hupikwa mara moja kwa mwaka tarehe 6 Desemba na ina kilevi cha asilimia 14, lakini ni laga. Ifungueni siku yake.

Sasa kosa kubwa kuliko yote: baridi. Bia ikiwa nyuzi 4, kama ilivyotoka kwenye friji, harufu hazipandi, utamu wa kimea umejificha, gesi inachoma ulimi, na kinachobaki mbele ni uchungu. Mtu anaandika "nyepesi, haina kitu, 2.5". Robo saa baadaye bia hiyo hiyo ina tofi na ukoko wa mkate, ila alama imeshaandikwa na hakuna anayerudi kuifuta.

Ninachopendekeza ni alama mbili kwa kila bia: ya kwanza ikiwa nyuzi 8, ya pili ikifika 13. Alama rasmi ni ya pili. Lakini tofauti kati ya hizo mbili nayo ni habari. Eli ya majira ya baridi iliyopikwa vizuri hupanda inavyopata joto. Iliyopikwa vibaya hushuka, kwa sababu joto linafichua kilevi kikali cha kuchoma pua na utamu wa kunata ambao baridi iliuficha.

Karibuni wenye uzoefu, na wenye kupinga pia.

#2 PovuJuu

Mkuu, hizo nyuzi 8 na 13 unazipimaje? Wengine tunatoa chupa nusu saa kabla, basi.

#3 KimeaCheusi (mleta uzi)

Kipimajoto cha jikoni, kile chembamba cha kuchoma nyama, kitumbukize kwenye glasi moja ya ziada ambayo hainywewi. Usihesabu dakika. Chupa ya 330 ml na ya 750 ml hazipati joto kwa kasi moja, na chumba chenye moto wa kuni si sawa na chumba cha kawaida. Ukishamimina 60 ml kwenye glasi, ishike kwa kiganja chote na itapanda yenyewe. Ukitaka isipande, shika kikonyo.

Na usizidishe. Ikipita nyuzi 16 unaonja kilevi na bia iliyoishiwa gesi. Hapo unaionea.

#4 FundiPipa

Uzi mzuri. Naongeza ya mezani, maana joto peke yake halitoshi.

Glasi: ya tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, iwe ya tulipu au ya mvinyo mwekundu. Jaza theluthi moja tu, nafasi iliyobaki ni ya harufu. Glasi zote zifanane, maana ukimpa mmoja glasi ya maji ya kunywa na mwingine tulipu hamwonji bia moja. Usafi ndio unaowaangusha wengi. Lowesha glasi kwa maji kisha imwage. Maji yakitelemka kama utando mmoja, glasi ni safi. Yakijikusanya matone matone, kuna mafuta au sabuni, na povu litakufa kabla hujaligusa. Vipovu vilivyoganda kwenye kuta za glasi yenye bia ni dalili ileile. Osha, suuza maji mengi, acha ikauke yenyewe ikiwa imeinamishwa. Kitambaa huacha nyuzi na harufu ya kabati.

Mpangilio: kilevi kidogo kwenda kikubwa, isiyo na kiungo kabla ya yenye kiungo. Karafuu na tangawizi ziwe mwisho kabisa. Karafuu ina mafuta yanayoutia ulimi ganzi, na ikishapita, bia tatu zinazofuata zote zinaonekana "bapa". Hapo bia hazina kosa, mpangaji ndiye mwenye kosa.

Katikati ya bia: maji ya kawaida yasiyo na gesi, mkate mweupe au biskuti isiyo na chumvi wala siagi. Jibini na chokoleti ni kwa baada ya alama. Mafuta yake yanaufunika ulimi, uchungu unapungua, na bia mbaya inapata alama za bure.

Kahawa, sigara na dawa ya meno yenye mnanaa viachwe saa moja kabla. Manukato yabaki nyumbani. Mtu mmoja aliyejipulizia anatosha kuharibu pua za wote.

La mwisho: kimya mpaka kila mtu aandike. Mmoja akisema "nasikia chungwa", wote watasikia chungwa, hata kwenye bia ambayo haijawahi kuliona.

#5 MguuNje

Jamani, si bia hii? Mbona kama mtihani wa kidato cha nne?

#6 FundiPipa

Ukitaka kunywa, kunywa, hakuna aliyekukataza. Ila ukishaandika alama watu wataisoma na kununua kwa neno lako.

Tena hesabu hii ni ya kwako hasa. Bia nane, kila moja 60 ml, wastani wa kilevi asilimia 9. Jumla 480 ml, ndani yake 43 ml za kilevi halisi. Ni sawa na kunywa karibu 860 ml za bia ya kawaida ya asilimia 5. Na hapo mmeonja "kidogo tu". Ukimimina glasi za kujaa kama kawaida, kufikia chupa ya tano hakuna mwonjaji aliyebaki, kuna mnywaji. 60 ml zinatosha kunusa mara tatu na kunywa mafunda manne. Bia sita kwa kikao ndiyo meza yenye akili, nane ni mwisho. Wekeni chombo cha kumwagia kilichobaki, na atakayeendesha gari asiwe miongoni mwa waonjaji.

#7 BintiHamira

FundiPipa umegusa karafuu, ngoja niingie hapo maana ndipo alama nyingi zinapopotea.

Harufu ya karafuu kwenye bia inaweza kutoka sehemu tatu, na kila moja inastahili alama tofauti.

Ya kwanza ni karafuu yenyewe, iliyotumbukizwa. Inakaa muda mrefu, inaacha ganzi kidogo ncha ya ulimi, na kwa kawaida inakuja na wenzake, mdalasini au kungumanga.

Ya pili ni hamira. Kuna aina za hamira, hasa za Ubelgiji na zile za bia za ngano za Ujerumani, zinazogeuza tindikali iliyomo kwenye nafaka kuwa kemikali yenye harufu ya karafuu. Hii ni laini, haitii ganzi, na mara nyingi inaandamana na ndizi mbivu. Kwenye bia ya Kibelgiji ni sifa. Usiikate alama.

Ya tatu ni uchafuzi: hamira mwitu iliyoingia kwenye pipa au kwenye mpira wa kupitishia bia. Hapa karafuu ina ukali, inaelekea moshi au plastiki, na bia huwa nyepesi kuliko ilivyotarajiwa kwa sababu hamira hiyo imekula sukari iliyopaswa kubaki. Chupa ikifunguliwa inafoka. Ukiona mambo haya matatu pamoja kwenye eli ya mtindo wa Kiingereza, hiyo ni kasoro, hata kama lebo ina picha ya theluji.

Harufu ya bandeji au dawa ya hospitali ni jambo jingine. Hiyo ni klorini ya maji ya bomba iliyokutana na kemikali za kundi moja na ile yenye harufu ya karafuu. Wanaopika wenyewe: maji yatibiwe kwanza kwa kidonge cha metabisulfiti. Kimoja kinatosha lita 70 hivi, kwa hiyo robo yake inatosha ndoo.

Halafu acheni kuandika "mdalasini" kila mkiona bia ya kahawia. Kimea kilichokaushwa kwa moto mkubwa kina harufu ya biskuti na karanga, na akili ikiona rangi ile katika msimu ule inamalizia yenyewe. Kama lebo haijataja kiungo, andika unachosikia, si unachotarajia.

#8 PovuJuu

Bi Hamira, hilo la kutarajia limenigusa. Celebration ya Sierra Nevada ni ya msimu tangu 1981, asilimia 6.8, lakini haina kiungo hata kimoja. Ni hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, mapya ya mavuno ya mwaka huo: harufu ya misonobari na machungwa, uchungu wa kweli. Kuna watu wanaipa alama ndogo kwa maelezo kwamba "haina ladha ya Krismasi". Wanaihukumu bia kwa ahadi ambayo haikuitoa.

#9 MezaNdogo

Ndiyo maana karatasi ya alama inasaidia kuliko nyota. Nyota tano hazisemi kitu, kwa sababu kwa mmoja 3 ni "nzuri" na kwa mwingine 3 ni "nimevumilia".

Wengi wetu tunaiga karatasi ya BJCP, programu ya Marekani ya kufunza majaji wa bia iliyoanzishwa 1985. Jumla ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, tathmini ya jumla 10. Tazama mwonekano ulivyopewa 3 tu. Bia inaweza kuwa na rangi ya rubi ya kukutoa machozi, inakuletea pointi tatu basi. Kwa upande wa maana ya jumla: 45 na kuendelea ni ya kipekee, 38 hadi 44 ni bora sana, 30 hadi 37 nzuri sana, 21 hadi 29 nzuri yenye mapungufu, 14 hadi 20 hafifu, chini ya hapo ina tatizo kubwa.

Kwa makundi, bia za msimu zenye viungo zina kundi lao katika orodha ya BJCP, 30C. Zile za Kiingereza zisizo na kiungo zinaingia 17A pamoja na eli kali nyingine. Ukiipeleka ya 17A kwenye 30C itapoteza alama kwa kukosa viungo ambavyo haikupaswa kuwa navyo.

Na andikeni mwaka wa chupa. Anchor Christmas Ale ya San Francisco, tangu 1975, ilibadilisha mapishi na mti wa kwenye lebo kila mwaka. Alama ya mwaka mmoja haikuhusu chochote mwaka uliofuata.

#10 KimeaCheusi (mleta uzi)

Karatasi iliyojazwa vizuri inaonekana hivi. Bia imefunikwa, inaitwa 417 (tumieni tarakimu tatu za ovyo, kwa sababu ukiiita "A" au "1" watu wanaipendelea bila kujua). Kundi: yenye viungo. Kilevi: 7.5.

Nyuzi 8. Harufu: ganda la chungwa mbele, mdalasini nyuma, kimea kama gamba la mkate, kwa mbali. Mwonekano: shaba nyekundu, angavu, povu rangi ya maziwa ya chai, limekaa dakika mbili. Ladha: utamu mfupi, tangawizi inakuja katikati, uchungu wa wastani. Mdomoni: gesi nyingi kuliko mwili wake (uzito wa bia mdomoni). Alama 31.

Nyuzi 13. Harufu: chungwa limepungua, karameli imejitokeza, zabibu kavu kidogo, kilevi hakichomi. Ladha: tofi, kisha kungumanga, kisha tangawizi inayopasha koo. Mwisho kuna ukakasi, kama chai iliyokaa kwenye birika. Mdomoni: gesi imetulia, mwili wa wastani. Alama 35. Imekatwa kwa ukakasi.

Maoni kwa mpishi: mdalasini na kungumanga vimechemshwa muda mrefu. Harufu imeondoka na mvuke, ukakasi wa magamba umebaki.

Mstari huo wa mwisho ndio wenye thamani. "35" peke yake haimfundishi mpishi kitu.

#11 Mkorogo

Hilo la ukakasi lina dawa. Kwa lita 20, viungo viingie dakika 5 za mwisho za kuchemsha, au visiingie kabisa kwenye sufuria. Vipimo vya kuanzia: mdalasini wa vijiti g 5, kungumanga iliyoparuzwa g 1 hadi 2, tangawizi mbichi g 20 hadi 30, ganda la chungwa g 20 bila ile nyama nyeupe ya ndani yenye uchungu, karafuu punje 4, zisizidi. Msiweke mdalasini wa unga, unatoa utelezi kama mlenda na hauchujiki.

Mimi napendelea kuloweka kwenye vodka, kwa sababu unaonja kabla ya kuamua. Mdalasini g 10 ndani ya vodka ml 100, chupa imefungwa, siku 3 hadi 5, unatikisa kila siku, kisha unachuja kwa karatasi ya kahawa. Halafu chukua glasi nne, kila moja mimina bia ml 100. Moja iache hivyo, nyingine weka ml 0.1, ml 0.2 na ml 0.3 za maji hayo ya mdalasini kwa bomba la sindano la ml 1. Onjeni bila kujua ipi ni ipi. Kama iliyopendwa ni ya ml 0.3, hesabu ni ml 3 kwa lita, yaani ml 60 kwa lita 20. Usizitie zote. Tia 40, acha siku moja, onja tena, ndipo uongeze. Kiungo kikishazidi hakitoki.

Kipimo kizuri ni kile ambacho mnywaji anajiuliza "hii ni nini?" na si kile ambacho anajibu kabla hujamuuliza. Kumbuka pia viungo hupungua makali chupani. Bia ya kunywewa baada ya miezi miwili inaweza kubeba zaidi kidogo ya ile ya kunywewa wiki ijayo.

#12 MguuNje

Haya, nimekubali mtihani. Nina swali la kweli sasa. Bia moja, waonjaji sita, imefunikwa, karatasi ya 50, ya Kibelgiji asilimia 10, chupa ya 750 ml. Alama kwa mpangilio wa walivyokaa: 38, 37, 39, 36, 40, 22. Naripoti nini?

#13 MezaNdogo

Wastani ni 35.3. Alama ya katikati ukizipanga ni 37.5. Mimi ningeripoti ya katikati, kwa sababu mtu mmoja ameivuta bia ya watu watano chini ya mstari wa "bora sana". Kawaida ya majaji ni kwamba tofauti isizidi pointi 7 baada ya kuzungumza. Hapa ni 18. Huyo wa 22 aondolewe au arekebishe.

#14 BintiHamira

Napinga. Kumwondoa mtu kwa sababu yuko peke yake ni kosa, kwani ndimi hazilingani. Kuna harufu ya siagi inayoachwa na hamira ambayo haikumaliza kazi: mmoja anaisikia ikiwa kidogo mno, mwingine hata ukiimimina haioni. Watano wasioisikia si ushahidi kwamba haipo. Kwanza msomeni alichoandika, alama baadaye. Kaandika nini?

Kama ana madai maalumu, mpimeni kwa glasi tatu. Mbili bia ileile, moja tofauti, achague iliyo tofauti. Kwa kubahatisha mtu anapata mara moja kati ya tatu, kwa hiyo jaribio moja halithibitishi kitu. Watu sita wakifanya, watano wapatie. Tisa, sita wapatie. Kumi na wawili, wanane. Chini ya hapo msiseme mmeona tofauti.

Na kama mnataka kundi lenu lizijue kasoro, zitengenezeni wenyewe. Bia nyepesi yenye hopsi, imimine kwenye glasi angavu, iache juani dakika 20, linganisha na iliyokaa gizani. Harufu ile kali ya kicheche ndiyo ya bia iliyopigwa na mwanga, na ndiyo sababu ya chupa za kahawia. Kijiko kimoja cha maji ya mahindi ya kopo kwenye 330 ml kinakuonyesha kasoro ya mahindi yaliyochemshwa. Kwa uzee, weka chupa moja kwenye friji na pacha wake mahali penye nyuzi 30 kwa wiki nne. Ya joto itanuka boksi lililolowa. Kwenye bia za kahawia uzee huohuo huanza kwa tende na mvinyo mtamu, watu wanaupenda, mpaka boksi linapoingia.

#15 PovuJuu

Nimekuja hapo hapo kwenye uzee. Zipi za kuhifadhi?

#16 FundiPipa

Chini ya asilimia 8 kunywa msimu huohuo. Zilizojengwa juu ya hopsi kunywa mara moja, miezi mitatu ni mingi. Zenye viungo hupoteza viungo na kubakiza kimea, kama kimea chenyewe hakikuwa na la kusema hutabaki na kitu. Za Kibelgiji za asilimia 10 na kuendelea, zenye hamira hai chupani, ndizo zinazostahili rafu: nyuzi 10 hadi 13, giza, chupa imesimama wima ili mashapo yakae chini. Ukilaza, mashapo yanajipaka ubavuni na ukiisimamisha siku ya kuonja yanasambaa yote.

#17 MguuNje

Bi Hamira, karatasi ya yule wa 22 nimeisoma tena. Mwonekano: "tope". Harufu: "mkate mbichi, mchuzi wa soya". Ladha: "uchungu wa udongo, haina gesi ya kutosha, imechafuka". Wengine watano wameandika "angavu" wote.

#18 BintiHamira

Watano wameona angavu na mmoja ameona tope, kutoka chupa ileile? Hapo ulimi hauna hatia. Nani alimiminiwa mwisho?

#19 MguuNje

Aliyekaa kiti cha mwisho. Yeye.

#20 FundiPipa

Basi amekunywa mashapo. Chupa ya 750 ml yenye hamira hai, ukiinamisha na kuinua mara sita, kila unaporudisha wima hamira ya chini inavurugika. Wa kwanza wanapata bia, wa mwisho anapata hamira, na hamira iliyokufa ndiyo yenye harufu ya soya. Alama yake ni sahihi kabisa kwa kilichokuwa kwenye glasi yake.

Msiripoti wastani wala ya katikati. Ripotini alama za watano, na ya sita iandikwe "haikuonjwa". Chupa ijayo iacheni wima saa 24, fungueni taratibu, mimineni yote kwa mkupuo mmoja kwenye jagi safi bila kuirudisha wima, msimame sentimita mbili za mwisho zinapofika shingoni. Kutoka kwenye jagi ndipo mgawe 60, 60. Gesi itapungua kidogo, lakini itapungua kwa wote.

#21 MguuNje

Chupa pacha ipo, nimeisimamisha. Kesho jioni kiti cha mwisho nakaa mimi.